Kuzisoma Manowari kutoka Mwamba wa Waa

Mtu avukaye kivuko cha Likoni na kushika barabara iendayo Lunga Lunga huingia mara katika nchi ya Wadigo, nchi ya minazi, mikorosho na miembe mikubwa, na akisha kupita Ng'ombeni hufika Waa. Wasafiri wengi waendao Diani huipita bila kusimama. Huona shule za sekondari zenye jina hilo, kisha gari huendelea kuelekea Tiwi. Lakini uzuri wa Waa hauko barabarani. Uko upande wa mashariki, mwisho wa vijia vipitavyo katikati ya mashamba ya mihogo, mahali nchi inapokatika ghafula juu ya mwamba wa matumbawe na bahari kuonekana chini yake. Pwani hiyo ndiyo yenye Kaya Waa, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo miti yake haikatwi ovyo. Mbele ya nchi kavu pana maji ya kina kifupi, kisha mwamba wa nje unaovunja mawimbi, kisha bahari kuu.

Ng'ambo ya mwamba huo wa nje ndiyo njia ya merikebu. Zile zitokazo Durban, Dar es Salaam au Tanga kwenda Kilindini hupita mbele ya pwani hii zikielekea kaskazini, na kabla hazijakata kuingia mlango wa bandari, mtu wa Waa huwa amekwisha kuziona ubavu mzima. Nyingi ni meli za makasha. Mara kwa mara hupita nyingine ya rangi ya kijivu, nyembamba, isiyo na shehena juu ya sitaha, na juu yake pamesimama vijiti, nyaya na makuba mengi kama kichaka. Watoto husema, "Manowari!" na wakubwa huridhika na jibu hilo. Si jibu baya, ila ni nusu tu.

Yaweza kuwa ni manowari ya Kenya yenyewe irudiyo kambini Mtongwe. Jeshi la Majini la Kenya lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, na miongoni mwa merikebu zake zimekuwamo Nyayo na Umoja, zilizojengwa Uingereza na kuanza kazi mwaka 1987, na Jasiri, iliyojengwa Hispania na kufika Mombasa mwaka 2012. Yaweza pia kuwa ya wageni, kwani tangu Umoja wa Ulaya ulipoanza ulinzi wake dhidi ya maharamia wa Somalia mwezi wa Desemba 2008, manowari za mataifa mengi zimetia nanga Kilindini. Bendera haionekani kutoka mbali hivyo. Kinachoonekana, hata bila darubini kubwa, ni kile kichaka cha juu, nacho hueleza habari kuliko bendera kwa mtu ajuaye kukitazama.

Antena ni kipande cha chuma au waya kinachotupa mawimbi ya redio hewani au kuyanasa. Mvuvi ataelewa upesi akifikiri juu ya nyavu. Jarife la papa lina matundu mapana, na kimia cha dagaa kina matundu membamba. Mtu mwenye akili akiuona wavu umeanikwa ufukweni hujua mwenyewe anatafuta samaki gani, hata kama hajamwona samaki mmoja. Antena nayo hukatwa kwa kipimo cha wimbi lake. Mara nyingi urefu wake ni robo au nusu ya urefu wa wimbi, kwa hiyo mawimbi marefu hutaka antena ndefu, na mafupi hutaka fupi. Hilo ndilo jambo kubwa la kukumbuka. Mengine hutokana nalo.

Basi atazame kwanza fimbo ndefu zilizosimama ubavuni au upande wa tezi, nyingi zikiwa na urefu wa kiasi cha mita 10, zikiyumba kidogo katika upepo wa kusi. Hizo ni za mawimbi yenye urefu wa mita 10 hata 100, ambayo wasikilizaji wa redio wa zamani waliyaita mawimbi mafupi kwa kuwa yalikuwako marefu zaidi. Mawimbi hayo yana tabia ya ajabu. Yakipanda angani hukutana na tabaka la juu sana lenye chembe za umeme, nalo huyarudisha chini mbali mno, kama mpira uliopigwa ukagonga dari. Kwa fimbo hizo manowari iliyo mbele ya Waa yaweza kuzungumza na Mumbai, na hali ya anga ikiwa njema, na Uingereza pia. Mabaharia wenyewe huziheshimu. Mtambo unapotuma kwa nguvu, kamba ya chuma au ndoana ya winchi iliyo karibu yaweza kuunguza mkono wa mtu ingawa haikuunganishwa na waya wowote wa umeme, na kwa sababu hiyo sitaha huwekwa alama za kuonya. Katika merikebu za zamani kazi hiyo ilifanywa na nyaya zilizotandazwa kutoka mlingoti wa mbele hata wa nyuma, mfano wa kamba za kuanikia nguo.

Juu zaidi, kwenye mikono ya mlingoti ambayo nahodha wa jahazi angeifananisha na foromali, hukaa vijiti vifupi, vingine kama urefu wa mkono, vingine chini ya hapo. Watu wa pwani hawavijali kwa kuwa havina fahari. Hivyo ni vya kusema na aliye karibu: meli nyingine, ndege, na bandari. Mawimbi yake ni ya mita 2, au mita 1 na pungufu, nayo hayarudishwi na anga bali huenda moja kwa moja na kupotea nje ya upeo. Ndiyo maana vimepandishwa juu kabisa. Kwa chombo cha namna hii ukimo ni mali.

Kile kibao kirefu kinachozunguka bila kuchoka, chenye upana wa mita 2 hivi, ni rada ya kuongozea njia; hutupa wimbi la sentimita 3 na kusikiliza mwangwi wake. Kila meli kubwa ya biashara inacho. Lakini manowari huwa na nyingine kubwa zaidi ya kutafuta ndege, na baadhi ya zile mpya hazina kinachozunguka kwa kazi hiyo, bali mabamba bapa yaliyobandikwa pande zote nne za jengo la juu. Makuba meupe, ambayo mtu wa Diani angeweza kudhani yamevunjwa msikitini, ni vifuniko tu. Ndani yake mara nyingi mna sahani inayofuata setilaiti huku meli ikisukwasukwa. Kuba limetengenezwa kwa kitu ambacho mawimbi hupenya bila shida. Mtazamaji asijisifu mno, kwa maana kuba hufunika siri ya kilicho ndani, na hakuna antena itakayomwambia kama imewashwa au imezimwa.

Imebaki namna moja, nayo ndiyo iliyo na historia: antena isiyosema bali kusikiliza tu. Katika Vita Kuu ya Pili baadhi ya manowari za Uingereza zilichukua juu ya mlingoti kitu mfano wa kizimba cha ndege, cha nyaya na vyuma vilivyosimama kwa mviringo. Kazi yake ilikuwa kutambua sauti ya redio ya adui inatoka upande gani, hata kama maneno yake hayakueleweka. Nyambizi za Kijerumani katika bahari ya Atlantiki zilipotuma taarifa kwa wakuu wao, kizimba kile kilionyesha zilipo.

Pwani ya Waswahili ilikwisha kuonja mambo hayo mapema. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache baada ya vita vya kwanza kuanza, manowari ya Kiingereza Astraea ilifika Dar es Salaam na kukipiga mizinga kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Shabaha ya kwanza katika mji ule ilikuwa mlingoti wa antena. Mwezi wa Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji iliangamizwa kwa mizinga ya merikebu ambazo hazikuiona, kwa kuwa ndege zilizoruka kutoka Mafia zilikuwa zikiwaambia wapigaji kwa redio risasi zao zinaangukia wapi.

Kisha ukaja mwaka 1942. Wajapani walipoishambulia Ceylon mwezi wa Aprili, sehemu kubwa ya manowari za Kiingereza za Mashariki zilirudi nyuma hadi Kilindini, na bahari mbele ya pwani ya kusini ikajaa milingoti. Pamoja nazo walikuja watu wachache wasio na mizinga, wakapewa shule ya Allidina Visram kisiwani Mombasa. Hao walikuwa wasikilizaji na wafumbuzi wa maandishi ya siri. Antena zao hazikusikia vizuri kama walivyotaka, maana Mombasa iko mbali na Japani na sauti zilifika zimechoka. Hata hivyo mwezi wa Septemba 1942 Mjapani mmoja alifanya uzembe wa kutuma habari ile ile mara mbili kwa namna zilizotofautiana kidogo, na kufikia Novemba wale watu wa Mombasa waliweza kusoma maandishi ya siri ya meli za biashara za Japani. Wakulima waliopeleka nazi sokoni Mombasa siku hizo hawakujua lolote, wala haikupasa wajue.

Isidhaniwe kwamba kwa kuwa na sikio kali hivyo bahari ilikuwa salama. Antena humsikia asemaye. Mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Kilindini kwenda Colombo, na ndani ya meli moja, Khedive Ismail, walikuwamo karibu askari 1,000 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, wakafa karibu watu 1,300. Nyambizi iliyozama haitumi neno kwa redio, na maji ya chumvi huyameza mawimbi ya redio. Msafara wenye manowari tatu za kuulinda haukuwa na antena ya kumgundua adui wa namna hiyo. Chombo cha kusikiliza chini ya maji hukaa tumboni mwa meli, ambapo hakuna mtu wa pwani awezaye kukiona.

Jambo hilo lina maana hata leo kwa mvuvi wa Waa. Aiona manowari yenye antena zaidi ya ishirini, akadhani merikebu yenye masikio yote hayo haikosi kumsikia yeye. Si kweli. Rada yake kubwa huona ndege iliyo mbali kilomita nyingi, lakini ngalawa ya mbao iliyo chini chini kati ya mawimbi hurudisha mwangwi hafifu sana. Simu ya mkononi nayo haimsaidii kuiita meli. Hutegemea minara ya nchi kavu, na nje ya mwamba mara nyingi hufifia. Sikio moja tu la manowari ndilo linalomngoja, nalo liko kwenye vile vijiti vifupi visivyo na fahari: chaneli ya 16 ya redio ya baharini, ambayo meli zimekubaliana kuisikiliza kwa ajili ya hatari.

Wimbi lake halifiki mita 2, kwa hiyo antena ya nusu mita yatosha. Hesabu yake ni hii. Antena ikiwa mita 2 juu ya maji, na ile ya meli ikiwa mita 25, wanaweza kusikilizana kama kilomita 26, maadamu betri ina nguvu. Wavuvi wawili katika ngalawa zao, kila mmoja na antena ya mita 2, hawazidi kilomita 12. Anayepandisha antena yake juu ya mlingoti huongeza masafa bila kununua mtambo mkubwa zaidi. Kwa upande wa rada, mabamba matatu ya bati yaliyounganishwa kwa pembe za mraba, kama kona ya sanduku, na kutundikwa juu, humfanya mvuvi aonekane zaidi kuliko ngalawa yake yote.

Usiku kichaka chote hutoweka, na mtu aliye juu ya mwamba wa Waa huona taa tu. Meli iendayo kaskazini humwonyesha taa nyeupe za milingoti na nyekundu ya ubavu wa kushoto, nayo inapita zake. Mvuvi aliye nje ya mwamba aangalie zaidi: akiona nyekundu na kijani kwa pamoja, meli inamjia yeye, naye awashe taa yake, ashike redio na kuita kwenye chaneli 16 kabla ya kuanza kupiga kafi.