Baridi ya Loresho na Maji ya Udhu

Wiki hii twawaandikia wazazi wenye watoto vyuoni Nairobi, na hasa kina mama, maana wao ndio huwafungia mabinti mizigo.

Mizigo hiyo tumeiona. Mna halua, mna visheti, mna buibui mbili na jozi tatu za leso. Sweta ni moja, nyepesi, ya kuvaliwa ndani ya basi. Kwetu pwani kipupwe ni upepo wa kusi na bahari kuchafuka. Usiku wa Julai Mombasa huzunguka nyuzi 20. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Loresho, kwa upande wa Kabete, iko juu zaidi. Huko mwezi wa Julai jua huweza kufichwa na mawingu kutwa nzima, na kabla ya alfajiri baridi hufika nyuzi 11 au 10. Maji ya bomba saa hiyo hupenya hadi mifupani.

Mwaka jana, wiki ya pili ya Julai, maji moto yalikatika katika bweni moja la wanafunzi wa kike pande hizo, na wengi wao walitoka Mombasa, Malindi na Lamu. Tulikuwa mjini kwa ajili ya darsa, na mzazi mmoja akatuomba twende tukatazame. Bweni hilo hutumia hita ya jua iliyo juu ya paa, na kwa siku za mawingu kuna koili ya umeme ndani ya tangi. Mgao wa maji ulilikausha tangi, swichi ikaachwa imewashwa, koili ikaungua. Fundi aliitoa, akatuonyesha ilivyopasuka, akasema inunuliwe mpya. Wasimamizi wakajibu kwamba ombi la fedha limekwisha kupelekwa. Ombi hilo lilisafiri siku 12.

Katika siku hizo mabinti walifanya walivyoweza. Wengine walitumbukiza koili za mkono ndani ya ndoo, nyaya zikipita sakafuni penye maji. Binti mmoja alitwaharika hedhi yake usiku, akayaogopa maji, akakaa siku mbili bila kuswali kwa kuwa aliona haya kumuuliza mtu. Na wanne wa chumba kimoja walinunua jiko na makaa Kangemi, wakaliingiza chumbani, wakafunga dirisha, wakaziba uwazi wa chini ya mlango kwa leso ili joto lisitoke.

Hilo la jiko ndilo lililotukosesha usingizi. Waliamka usiku vichwa vikiwagonga, mmoja akitapika, mwingine wakimwinua akiporomoka. Yule aliyetapika ndiye aliyejaaliwa nguvu za kufungua mlango. Walipelekwa hospitali wakapewa oksijeni, na alhamdulillahi wote walirudi salama.

Wazazi wengi tuliozungumza nao walidhani hatari ya jiko ni moshi, na kwamba makaa yakishakolea na kuwa mekundu hayana neno. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa na kichwa, huchafukwa na moyo, kisha hushikwa na usingizi, na usingizi huo ndio huua. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Tulilisoma hilo chuoni tukiwa wadogo. Tulipokiona chumba kile tukalifahamu upya.

Sasa tuje kwenye josho, maana maswali yalikuwa mengi. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye uwezo wa kuyapasha maji moto humlazimu ayapashe, na kutetemeka peke yake si udhuru. Asiyeweza, naye ana sababu ya kweli ya kuchelea maradhi, hutayamamu, akaswali ndani ya wakati, kisha akailipa swala hiyo. Msingi wa ruhusa hii ni kisa cha Amr bin Al-As katika msafara wa Dhatu Salasil, mwaka wa 8 Hijria: alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaihofia nafsi yake, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Mtume alipoisikia hoja yake alicheka wala hakumlaumu. Kwa udhu kuna soksi za ngozi, yaani khuffu. Mkaazi huzipangusa kwa mchana na usiku mmoja, maadamu alizivaa akiwa na udhu kamili. Kwa josho hazifai. Yule binti wa siku mbili alipoelezwa haya alizilipa swala zake, akawa ndiye mwalimu wa wenzake.

Tuliwasihi wasimamizi watoe jiko la gesi la jikoni kabla ya alfajiri, sufuria mbili kubwa zichemshwe. Mabinti wakalalamika kwamba ndoo nusu haitoshi. Mtume alioga kwa pishi moja, isiyozidi lita 3 hivi, na akatia udhu kwa kibaba. Walipopima, sufuria mbili ziliwatosha na zikabaki.

(Mmoja aliuliza: maji ya hita ya jua si makuruhu, kama vitabu visemavyo juu ya maji yaliyopashwa na jua? Sharti la karaha hiyo ni nchi ya joto kali, na Loresho si mojawapo. Swali zuri, hata hivyo.)

Koili mpya ilifungwa siku ya 13, kazi isiyofika saa mbili. Fundi aliongeza kifaa cha kukata umeme tangi likikauka. Bei ya vyote viwili haikufika gharama ya usiku ule wa hospitali.