Makro iliyoniokolea nauli ya Bungoma

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa njiani: Kitale–Bungoma, Bungoma–Kitale.

Kisa ni hiki. Niliandikia ghala moja la mahindi huko Bungoma programu ya kupokea uzito kutoka kwenye mizani. Sehemu kubwa ni Python, lakini kipande kinachozungumza na mizani nilikiandika kwa C. Kila baada ya siku chache programu nzima ilizimika na kuacha maneno mawili tu: Segmentation fault. Karani, mzee wa makamo, alikuwa ananipigia: “Kijana, imekufa tena.” Ikifa, uzito ambao haujahifadhiwa unapotea, na wakulima walio kwenye foleni wanaanza kumshuku kwamba anawaibia kilo. Niliona aibu.

Mara mbili nilipanda matatu kupitia Kiminini na Webuye. Nikifika, inafanya kazi vizuri!

Cha kushangaza, nilikuwa nimeweka assert mahali penyewe. Mbona ilinyamaza? Kumbe viendelezi vya Python kwenye Linux kwa kawaida hujengwa kwa -DNDEBUG, na NDEBUG ikiwepo, assert zote hufutwa kabla msimbo haujatafsiriwa. Hata ingebaki, ingetaja faili, mstari na sharti bila thamani yoyote, kisha iue programu.

Nikaandika yangu, ya kutumia ndani ya fanksheni zinazorudisha PyObject *:

#define HAKIKISHA(s, n) \
  do { if (!(s)) return PyErr_Format( \
    PyExc_AssertionError, "%s:%d: %s (n=%ld)", \
    __FILE__, __LINE__, #s, (long)(n)); } while (0)

HAKIKISHA(p != NULL, urefu);

#s hugeuza sharti kuwa maandishi. N ni thamani unayotaka kuiona. Kosa linarudi upande wa Python, ambao unalidaka, unahifadhi uzito na kuonyesha ujumbe.

Wiki iliyofuata mzee alinisomea kwa simu: mizani.c:88: p != NULL (n=2). Pale msimbo hutafuta “kg” kwenye mstari uliotumwa na mizani. Mstari wa herufi 2 tu?

“Mzee, mlikuwa mmeweka nini juu ya mizani?”

“Magunia mawili pamoja. Watu ni wengi, kijana.”

Mizani ilizidiwa, ikatuma OL badala ya uzito. strstr haikuona “kg”, ikarudisha NULL, nami nilikuwa naisoma hivyo hivyo.

Nilirekebisha nikiwa hapa Kitale, na mzee haitwi mwizi tena. Ukiandika yako, usiisahau hiyo n. Siku njema!