Safari ya Mabati: Nyumba Moja Yashuka Kutoka Mlima Elgon

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini upo ufa mmoja ambao hakuna mwashi awezaye kuuziba, nao ni ufa wa ardhi ya mlimani. Ukiuona huo juu ya nyumba yako, kilichobaki ni kuujenga ukuta, tena kuujenga mbali.

Hayo niliyaona kwa macho yangu mwezi wa Februari 2025, katika wilaya ya Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mashariki ya Uganda. Rafiki yangu mmoja, askari polisi mwenye cheo cha koplo, alikuwa akiwajengea wazazi wake nyumba mpya katika tambarare ya Bulambuli. Akiba yake na mkopo alioupata vilitosha kwa kiwanja, matofali, saruji na mbao za kupaulia. Kwa mabati havikutosha. Basi jamaa wakapatana kwamba mabati ya nyumba ya zamani ndiyo yatakayoiezeka nyumba mpya. Siku ya kuyashusha ilipokaribia, koplo alinyimwa ruhusa kwa sababu ya kazi. Akanipigia simu na kuniomba niende kwa niaba yake.

"Wewe ulisomea ualimu," aliniambia, "na Mzee huwasikiliza walimu."

Sikujua wakati huo kwamba kulikuwa na jambo la kusikilizwa.

Niliondoka Mbale alfajiri, nikiwa nimeketi mbele ya lori pamoja na dereva. Mtu aendaye Bududa kwa mara ya kwanza hawezi kustaajabu kwamba watu wameng'ang'ania kukaa huko. Hewa ni baridi ya kupendeza. Migomba imesongamana hadi kwenye vizingiti vya nyumba, na chini ya migomba hustawi kahawa ya arabika, ambayo kwa miaka mingi imewasomesha watoto wa Kigisu. Udongo wenyewe ulitokana na volkano ya zamani, na kilele cha mlima kina urefu wa meta 4,321. Mvua hunyesha kwa wingi. Mkulima akipanda, hula.

Lakini udongo uo huo ulishao ndio uuao. Mvua inaponyesha siku nyingi mfululizo, udongo hunywa maji mpaka ukashiba, ukawa mzito kuliko uwezo wa mteremko kuushika. Palipokuwa na miti mikubwa, mizizi ilisaidia kuufunga. Miti ilipokatwa ili kupata mashamba, na watu walipozidi kuukata mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba, kifungo hicho kililegea. Ndipo upande mzima wa kilima huweza kuteleza kwa dakika chache, pamoja na mashamba, mifugo na watu.

Hapana haja ya kuwakumbusha askari wetu habari za tarehe 1 Machi 2010. Siku hiyo kijiji cha Nametsi kilifunikwa, na kituo chake cha afya kikafukiwa pia. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 300 walipoteza maisha. Mashine hazikuweza kufika upesi kwa ubaya wa njia, kwa hiyo wanajeshi na wanakijiji walichimbua kwa majembe na sepetu. Maporomoko yalirudi Bududa mwaka 2012. Mwezi wa Oktoba 2018, mto Suume ulijaa matope na mawe, ukawachukua watu huko Bukalasi. Mwezi wa Novemba 2024 zamu ilikuwa ya wilaya jirani ya Bulambuli, ambako sehemu ya kijiji cha Masugu ilifukiwa.

Serikali haikukaa kimya. Baada ya msiba wa 2010, jamii nyingi zilihamishiwa Kiryandongo, mbali upande wa magharibi. Mwaka 2019 jamii za kwanza ziliingia katika nyumba mpya za Bunambutye, huko tambarare ya Bulambuli, na katika ujenzi huo walishiriki mafundi wa jeshi, polisi na magereza. Hata hivyo wahitaji ni wengi kuliko nyumba. Koplo alipopata habari za Masugu, aliamua kutongoja zamu ya wazazi wake.

Lori lilikomea sokoni. Kutoka hapo tulipanda kwa miguu karibu saa nzima. Mzee alinipokea uani kwa salamu ya kwao, "Mulembe," kisha akaendelea kwa Kiswahili alichojifunza ujanani akifanya kazi nchini Kenya. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, imekandikwa vizuri, na juu yake palikuwa na mabati 32 ya zamani, mazito, yenye kutu kidogo pembeni. Kando yake palikuwa na jiko lenye mabati 8.

"Kila bati unaloliona hapo ni kahawa," aliniambia. "Mwaka nilionunua manne nilisema mavuno yalikuwa mema."

Akanitembeza. Hapa, alisema, wanawe watatu walisimama kutahiriwa, kila mmoja katika mwaka wake, wala hakuna aliyetikisika. Pale, chini ya migomba, ni kaburi la baba yake, na lile dogo ni la binti yake wa kwanza. Mwishowe alinipandisha hadi juu ya shamba la kahawa, nyuma ya nyumba, akanionyesha ufa. Ulikuwa umekata mteremko kwa upana, umejipinda mfano wa mundu. Mahali pengine kiganja changu kiliingia chote. Mzee aliwahi kuujaza udongo na kuushindilia, lakini baada ya mvua ulifunguka tena. Mkahawa mmoja uliokuwa ukingoni ulikuwa umeinama kuelekea nyumbani.

Jioni, tulipoketi kuzunguka moto, ndipo jambo lenyewe lilipojitokeza. Mzee alisema kwamba kesho tutavua mabati ya nyumba kubwa, ila jiko libaki kama lilivyo. Wakati wa kuchuma kahawa atapanda kutoka tambarare, na miezi hiyo atalala jikoni. Bila hivyo nani ataichuma? Na kahawa isipochumwa, nyumba mpya italishwa na nini?

Maneno yake yalikuwa na uzito, wala sikuwa na jibu. Lakini fundi alikuwa amekwisha kuniambia hesabu ya nyumba mpya: ilihitaji mabati 40. Tukichukua 32 tu, chumba kimoja cha pembeni, walichotengewa wajukuu, kingebaki wazi.

Mama alikuwa akichochea moto. Alisema jambo kwa Kimasaba, bila kuinua uso, na mjukuu mmoja akanifasiria: "Bibi anasema, Babu anawaezekea panya, na sisi tulale nje."

Watoto walicheka. Mzee hakucheka. Alinitazama na kusema, "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Nilikumbuka fundisho moja la chuoni, kwamba mwalimu asitoe jibu ambalo mwanafunzi anaweza kulipata mwenyewe. Nikamwomba tu Mzee anisaidie kupima. Tukachukua taa, tukaanza mlangoni pa jiko kuelekea ule ufa, yeye akihesabu hatua kwa sauti. Alifika hatua ya 27, akasimama. Mbele ya mguu wake ufa ulikuwa mweusi katika mwanga wa taa. Akakaa kimya kwa muda, kisha akarudi akalala bila kusema neno.

Mama alibaki nami kidogo. Kwa kupitia mjukuu wake alinieleza kwamba yeye haogopi shamba. Mchana mtu hutazama, husikia, huweza kukimbia. Anachoogopa ni usingizi. "Nyumba yenye bati inaita usingizi," alisema. "Atasema nalala usiku mmoja, kisha wa pili, kisha mvua itamkuta." Alijua wengine waliopewa makao mapya mbali, nao wakarudi mlimani kulima, wakajikuta wamerudi kuishi.

Kulipopambazuka tulisikia nyundo. Mzee mwenyewe alikuwa juu ya paa, naye alikuwa ameanza na jiko.

Kuvua mabati ni kazi ya subira. Msumari ukinyofolewa kwa pupa huchana bati, na tundu likawa mdomo. Vijana walifuata nyayo za Mzee, na watoto waliokota misumari wakainyoosha juu ya jiwe. Kabla ya adhuhuri nyumba zote mbili zilikuwa wazi. Jua liliingia mpaka mahali kilipokuwa kitanda, mahali ambapo halikuingia kwa miaka mingi. Mama alizima moto wa mafiga kwa maji, akafagia jiko lote na ua, ingawa hakuna aliyebaki wa kuingia humo.

Mzee alikwenda peke yake makaburini. Alipalilia magugu, akasimama, akasema maneno machache. Nilimwuliza baadaye alisema nini. Alijibu, "Niliwaarifu tu. Mtu hahami bila kuaga."

Majirani walikuja kusaidia kubeba. Mmoja aliomba miti ya nyumba, mwingine akapewa pipa la maji. Walikuwa wachangamfu, lakini niliona jinsi walivyoyatazama yale mabati. Mzee mmoja aliniambia polepole kwamba ufa wa rafiki yake unapita pia juu ya shamba lake yeye, ila yeye hana mtoto mwenye mshahara. Tangu siku ile neno hilo halijanitoka. Nililiandika jina lake na la kijiji chake, nikalifikisha kwa wahusika wilayani. Hilo ndilo lililokuwa katika uwezo wangu.

Tuliteremka kwa mstari mmoja, kila mwanamume na mabati mawili kichwani, kingo zake zimefungwa majani ya mgomba yasikate mikono. Usiku huo tulilala Mbale. Asubuhi tulifuata barabara ya Sironko hadi Muyembe, kisha tukaingia tambarare. Hapo dunia ilibadilika. Joto lilitupokea, upeo ukawa mpana, na mlima ukabaki nyuma yetu kama ukuta wa buluu. Mama aligusa udongo kwa kidole cha mguu, akauliza kama huku ndizi huota. Jirani mpya alimjibu kwa adabu kwamba mahindi na karanga hustawi zaidi, na kwamba jambo la kwanza ni kununua vyandarua, maana mbu wa huku si haba.

Kuta za matofali ya kuchoma zilikuwa zikitungoja, kenchi zimekwisha kusimama. Mafundi waliziba matundu ya misumari ya zamani kwa lami, wakaezeka kwa siku mbili. Bati la 40 lilipigiliwa juu ya chumba cha wajukuu. Na lile suala la kahawa likapatiwa njia: wakati wa mavuno Mzee atalala kwa dada yake, aishiye karibu na barabara, mbali na miteremko mikali, apande shambani asubuhi na kushuka kabla ya jioni. Shamba liko juu, kitanda kiko chini.

Ndugu zangu mnaoishi kambini, ninyi mnajua kuhama. Amri ya uhamisho ikifika, godoro na masufuria hupakiwa, na kesho yake watoto wako shule nyingine. Wazazi wetu walioko milimani hawana wa kuwapa amri. Aghalabu sisi ndio tunaowatumia fedha za nyumba mpya tukidhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Kujenga ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuivua ile ya zamani.

Basi ukienda likizo nyumbani, nawe kwenu ni mlimani, usiishie uani. Panda nyuma ya nyumba, utazame. Ufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ambao sasa unakwama, chemchemi iliyogeuka tope au kutokea mahali pasipokuwa na maji: hizo ni dalili za ardhi inayosogea. Ukiziona, waarifu viongozi wa mtaa mapema, na mvua kubwa inaponyesha jamaa wasilale humo hata usiku mmoja. Ukiwa na uwezo wa kujenga, fanya hesabu ya nyumba mbili kwa pamoja: unayoijenga na unayoivunja.

Mwezi wa Machi koplo alipata ruhusa yake, akaenda kuwaona wazazi. Aliniambia kwamba usiku wa kwanza mvua kubwa ilinyesha. Maji yalipata tundu moja lililosahauliwa, yakawa yanadondoka katikati ya sebule. Yeye alitaka kuamka atafute lami. Mama akaweka sufuria chini ya tone, akamwambia alale. Mzee alikuwa macho, akisikiliza mvua juu ya mabati yake ya zamani. Kisha naye akasinzia.