Mulago, kilima cha wasoma vioo

Kampala haifichi vilima vyake. Apandaye ngazi za mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala huviona vimetandaa pande zote, kila kimoja kikiwa na alama yake kileleni: Kibuli na msikiti wake, Namirembe na Rubaga na makanisa yake, Kasubi na makaburi ya wafalme wa Buganda. Upande wa kaskazini kipo kilima cha Mulago. Hakina kuba wala makaburi ya wafalme; kina hospitali. Hicho ndicho kilichotuleta.

Tulikuja kwa meli ya usiku kutoka Mwanza hadi Bukoba, kisha kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula na mji wa Masaka. Pale Kayabwe, ambapo barabara hukata mstari wa ikweta, watalii walikuwa wakipiga picha; basi letu halikusimama. Tulikuwa tumefuatana na jamaa yetu mmoja, daktari wa patholojia, aliyekuwa akienda kwenye mkutano wa kitaaluma wa wataalamu wenzake. Mizigo yake yote aliiacha ipakiwe chini ya basi isipokuwa kisanduku kimoja cha mbao, alichokipakata safari nzima. Ndani yake mlikuwa na vioo ishirini, na juu ya kila kioo ukanda wa nyama ya binadamu uliokatwa mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, uliotiwa rangi ya zambarau na waridi.

Katika familia zetu nyingi, jina la mtaalamu huyu husikika siku ya msiba tu, pale polisi wanapotaka maiti ichunguzwe ilhali jamaa wamekwisha kuchimba kaburi na wanataka kuzika kabla ya Alasiri. Hivyo watu humdhania kuwa daktari wa wafu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni ya walio hai. Uvimbe wa titi, tezi ya shingoni, kidonda cha kizazi kisichopona: daktari wa upasuaji hukata kipande, na mwanapatholojia ndiye anayesema ni nini. Asiposema, hakuna ajuaye dawa ipi ianzwe. Akikosea, dawa nzuri humwendea mgonjwa asiyeihitaji.

Na ndugu msomaji huenda umekwisha kulibeba mwenyewe lile kopo. Katika mikoa mingi jamaa wa mgonjwa hukabidhiwa kipande ndani ya chupa, wakaambiwa wakipeleke hospitali kubwa kwa basi. Kisha husubiri, wiki moja, pengine sita. Wanaosubiriwa ni wachache mno: Afrika iliyo kusini mwa Sahara, nchi nyingi hazifikishi mwanapatholojia mmoja kwa kila watu 500,000. Jamaa yetu husoma vioo peke yake. Akitilia shaka, hana chumba cha jirani cha kubisha hodi. Miaka ikipita namna hiyo, jicho hujizoesha makosa yake lenyewe, na hakuna wa kuliambia.

Ndiyo maana wenzake huthamini mikutano hii, na ndiyo maana Mulago ina maana kwao. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona hapa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, kisha akaona mwingine, na mwaka 1958 akachapisha habari za saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwezi Machi 1961 alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex jijini London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mwanapatholojia kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akishughulika na virusi vya kuku. Aliyoyasikia yalimfanya aombe vipande vya uvimbe vipelekwe London kwa ndege kutoka Kampala. Safari moja ndege ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kipande kilipofika majimaji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Hayakuwa yameoza, zilikuwa seli hai za uvimbe zinazoelea. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza virusi walivyoviona ndani ya seli hizo. Mhadhara mmoja, msikilizaji mmoja aliyekuja na swali lake.

Katika miaka hiyo ya 1960 Profesa Michael Hutt wa Makerere alianzisha pia jambo dogo ambalo sisi tunalipa uzito uleule: hospitali za mbali nchini Uganda ziliweza kutuma vipande Mulago kwa posta, vikasomwa bila malipo.

Mkutano wenyewe ulikuwa na hotuba za ufunguzi, ndefu kama kawaida, nazo tunazipita. Elimu ilikuwa katika warsha. Katika chumba kimoja waliketi watu kumi kuizunguka hadubini yenye macho mengi, wote wakitazama kioo kimoja, mwalimu akisogeza kishale cha mwanga. Kanuni ya darasa ilikuwa kali: kila mmoja aandike jibu lake kwanza, ndipo jibu litolewe. Tuliwaona wazee wenye mvi wakifuta na kuandika upya kama watoto wa chuo.

Chumba cha pili kilikuwa cha mafundi wa maabara, nasi tulikaa humo zaidi kwa kuwa kinatuhusu sisi wabeba makopo. Walifundishwa kwamba kipande kikishatoka mwilini huanza kuharibika, hivyo kitiwe katika formalini ndani ya saa moja, na formalini iwe mara kumi ya ujazo wake. Kipande cha titi kiloweke kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Nje ya mipaka hiyo, kipimo cha kujua kama saratani inalishwa na homoni huweza kudanganya, na mama akanyimwa vidonge vya bei nafuu ambavyo vingemfaa. Fundi mmoja alisimulia kuwa hupokea vipande vilivyowekwa katika maji ya chumvi, hata katika chupa tupu. Hakuna aliyeshangaa.

Siku ya pili jamaa yetu alifungua kisanduku chake. Kioo cha saba kilikuwa cha tezi ya shingo ya msichana. Mwenyewe alikuwa ameegemea saratani ya tezi, lakini hakuthubutu kutia sahihi, na wodi ilikuwa ikingoja neno lake ili ianze tibakemikali. Mwalimu alitazama kwa muda mrefu.

"Umeona vingapi vya namna hii, ndugu yangu?"

"Hiki ni cha kwanza, Profesa."

"Mimi nimeona kadhaa. Vyote vilinisumbua."

Akaeleza ugonjwa wa Kikuchi, ulioelezwa huko Japani mwaka 1972, ambao huwapata zaidi vijana wa kike, huiga saratani chini ya hadubini, kisha huondoka wenyewe baada ya miezi michache. Mwenzake hakuridhika, alitaka rangi nyingine mbili zipakwe kwanza, na msichana apimwe ugonjwa wa lupasi. Walibishana kwa adabu hadi adhana ya Adhuhuri. Jamaa yetu alitoka nje akapiga simu nyumbani: matibabu yasianze. Rangi zile zilipakwa Mulago jioni hiyo, na mwalimu alikuwa sahihi.

Baraza la madaktari hudai pointi za mafunzo ili leseni iendelee, na kila aliyehudhuria alipata cheti. Alikipata pia bwana mmoja aliyetia sahihi asubuhi akashinda soko la Owino. Jamaa yetu alijilipia nauli na ada, na siku alizokuwa Kampala zilikatwa katika likizo yake ya mwaka. Mwajiri ana hoja yake, kwani akiondoka yeye hakuna anayesoma. Alipopiga simu siku ya nne aliambiwa makopo yaliyolundikana ni arobaini na moja.

Kwa hili la upweke, wajumbe walizungumzia mfano wa Butaro, Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012 na picha za vioo zikatumwa Marekani kusomwa. Mashine ya kupiga picha za namna hiyo hospitali ya kwetu haina. Kilichopo ni simu iliyobanwa juu ya jicho la hadubini. Wiki ya kwanza baada ya kurudi, jamaa yetu alituma Mulago picha za vioo vitatu. Viwili vilijibiwa siku hiyohiyo. Cha tatu kilirudi na swali: kililowekwa kwa saa ngapi?