Kuranti Ikikufa

Wakati wa likizo iliyopita nilifanya kazi na baba yangu mdogo, fundi umeme hapa Lubumbashi. Nilimbebea ngazi, nilimvutia waya, na mara nyingine nilimsomea karatasi. Vifaa vingi vinavyouzwa mjini siku hizi vinakuja na karatasi ya Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kifaransa hakimo, Kiswahili ndiyo usiseme. Baba mdogo alijifunza kazi kwa mikono na macho, na kwa Kifaransa cha karakana. Kwa hiyo kila sanduku likifunguliwa alinisukumia karatasi: "Weye unasomaka luga, tusomee."

Nilijisikia mkubwa. Wenzangu wa kitivo wanajua namna tunavyoulizwa nyumbani kwetu: lugha, utakula nini nayo? Sasa nilikuwa na jibu. Nilikuwa mkalimani wa fundi.

Kazi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mlango mmoja tu. Kituo kidogo cha mafunzo ya kompyuta, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na chumba chenye mashine 14. Mkurugenzi wake alikuwa amechoka na funguo. Ufunguo wa chumba kile ulikuwa umechongeshwa mara nyingi hata hakuna aliyejua ziko ngapi. Alitaka kibao cha namba ukutani: unabonyeza kode, unasikia mlio mdogo, unasukuma, unaingia. Mwalimu akiacha kazi, kode yake inafutwa, basi.

Vifaa vyake si vingi. Kuna kibao chenyewe, kuna kifaa cha kushusha umeme hadi volti 12, kuna kitufe cha kutokea kinachowekwa ndani, na kuna gashi. Neno hili mafundi wamelitoa kwenye Kifaransa. Gashi ni kile kipande cha chuma kwenye fremu ya mlango kinachopokea ulimi wa kitasa. Gashi ya kawaida haisogei. Ya umeme ina mdomo unaoweza kulegea: ukilegea, ulimi wa kitasa unapita bila mtu kugusa mkono wa mlango.

Dukani, muuzaji alituwekea visanduku viwili vinavyofanana kabisa. Akauliza: "Ya emisyo ao ya riptire?" Baba mdogo alikuwa amefunga nyumba nyingi kwa umeme, lakini gashi ya namna ile ilikuwa mara yake ya kwanza. Akanitazama. Mimi nikageuza visanduku nisome Kiingereza. Kimoja kiliandikwa "fail secure", kingine "fail safe". Baba mdogo akauliza swali moja tu, na hadi leo naona ndilo lilikuwa swali la pekee lenye akili pale dukani:

"Kuranti ikikufa, mulango inabakia namna gani?"

Nikajibu kwa haraka ya mtu aliyesoma: "Inabaki salama, baba." Kisha nikachagua. "Safe" nililijua tangu sekondari: ni salama, na pia ni jina la lile sanduku zito la chuma la kutunzia fedha. Kitu gani kingelinda kompyuta kuliko sanduku la fedha? Tukalipa, tukaenda na "fail safe".

Siku ya kufunga, baba mdogo alikuwa darini akipitisha waya, mimi chini nikiunganisha kwa kufuata karatasi. Kibao chetu kilikuwa na waya mwekundu na mweusi za kukilisha umeme, wa njano kwa kitufe cha kutokea, kisha waya tatu za swichi ya ndani: bluu, zambarau na chungwa. Zambarau ni ya kati. Bluu iliandikwa NO, chungwa NC. Herufi hizo ni za Kiingereza na maana yake ni kwamba, kibao kikiwa kimetulia, njia ya bluu iko wazi na ya chungwa imefungwa.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana hapa ndipo mtu wa lugha anapoanguka. Nyumbani kwetu tukifunga bomba, maji hayapiti. Tukifunga radio, inanyamaza, tukiifungua, inaimba. Lakini kwa watu wa umeme, njia ikifungwa ndipo kuranti inapita, kwa sababu waya zimegusana na mzunguko umekamilika, ikifunguliwa, inakatika. Kwa hiyo "imefungwa" ya mlango na "imefungwa" ya waya ni maneno mawili yanayovaa nguo moja. Baba mdogo alipokuja kulielewa hilo alicheka sana, akasema Wazungu wakifunga, vitu vinapita. Sisi tukifunga, havipiti.

Nilijaribu kwanza bluu. Mlango ukawa wazi muda wote, na nilipobonyeza kode ukajifunga kwa sekunde tano. Kinyume kabisa. Nikahamisha waya kwenda kwenye chungwa, na mara kila kitu kikawa sawa: mlango umefungwa, kode inaufungua, sekunde tano, unafunga tena. Baba mdogo akauliza toka darini kwa nini nimehamisha. Nikasema karatasi ndivyo inavyosema. Na kweli ilisema hivyo. Lakini kama ningefikiri dakika moja, ningeona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu: kama kuranti inapita muda wote ili mlango ufungwe, basi kuranti isipopita mlango unaachia. Sikufikiri. Ilikuwa inafanya kazi.

Kupanga kode ilikuwa sehemu tamu. Nyota, kode kuu ya kiwanda, dieze. Taa inabadilika rangi, na kibao kinangoja amri. Kwenye chetu, 0 ni ya kubadilisha kode kuu, 1 ya kuongeza mtu, 2 ya kumfuta, 4 ya kupanga sekunde. Kode kuu ya kiwanda ilikuwa 123456, na mkurugenzi alitaka tuiache hivyo asiisahau, tulimkatalia. Kwa kode yake ya kuingilia alichagua 1960. Namba nne kwenye kibao zinatoa kode 10,000, naye kati ya zote hizo akachagua mwaka ambao kila Mkongomani anaujua kabla ya kujua kusoma.

Wiki moja baadaye akampigia baba mdogo simu: njooni mbadilishe kode, zamu ameiiba.

Zamu, ndivyo tunavyowaita walinzi wa usiku hapa kwetu. Huyu alikuwa mzee, wote walimwita Papa Zamu, na hakuwa amepewa kode yoyote. Mlinzi wa ua wa jirani alikuwa amesema kwamba usiku fulani alimwona ndani ya chumba cha kompyuta, ameketi kwenye kiti, mlango wazi. Asubuhi ile mkurugenzi aliukuta mlango umefungwa vizuri na mashine zote 14 mahali pake, lakini kwake hilo halikubadilisha neno. Mtu aliyeingia mara moja kuangalia ataingia tena kuchukua. Na kode yenyewe, 1960, nani asingeibahatisha?

Tulimkuta Papa Zamu kwenye geti, mfuko wake umekwisha kufungwa. Baba mdogo alimsalimu, akamwuliza kwa heshima ilikuwaje. Mzee alijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujibu mara nyingi:

"Miye sikufungula. Kuranti ilienda, mulango njo ilijifungula yenyewe. Nikakala pale mpaka kuranti ikarudia."

Nilisikia baridi tumboni. Ulikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Lubumbashi anajua usiku wa mwezi wa sita. Umeme ulikuwa umekatika kama saa nane, upepo ukausukuma mlango, na yule mzee akavuta kiti akaketi kizingitini na blanketi lake, akilinda mashine ambazo mimi nilikuwa nimeziacha wazi. Saa kumi na moja umeme ukarudi, akausukuma mlango, ukashika. Alfajiri hakukuwa na alama yoyote. Kila aliyejaribu kibao asubuhi alikiona kizima. Mkurugenzi alikuwa ametuambia kwenye simu: mlango wa kode haujifungui wenyewe. Kwa alichokiona, alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Niliomba tuingie sote, mzee pia. Nikafunga mlango, nikamwomba mkurugenzi aujaribu. Umeshika. Kisha nikaenda kwenye ubao wa umeme nikashusha disjonkteri. Sikusema kitu. Mkurugenzi akagusa mlango kwa vidole viwili, ukaenda.

Nikasema ni mimi niliyesoma vibaya. Baba mdogo akanikata hapo hapo: "Tulisoma mubaya." Yeye hakuwa amesoma hata neno moja. Mkurugenzi alikaa kimya muda mrefu, halafu akamwambia mzee: "Basi, Papa, rudisha mfuko." Zaidi ya hapo hakusema kitu, na mzee hakudai zaidi. Mimi ningedai.

Jioni ile nilirudi kwenye visanduku kama mtu anayerudia mtihani. "Fail safe": kikishindwa, kinaachia, ili watu watoke. "Fail secure": kikishindwa, kinashika, ili vitu vibaki. Waingereza wana maneno mawili, moja linaelekea kwa watu, lingine kwa mali. Mafundi wa Kifaransa hawajisumbui na nani anaokolewa. Wanataja kuranti peke yake: "à émission" inaachia ikipata umeme, "à rupture" inaachia ukikatika. Na sisi tuna "usalama". Usalama barabarani ni wa watu wasigongwe. Idara ya usalama ni habari nyingine kabisa. Mlango wa usalama unaweza kuwa ule wa kukimbilia moto ukiwaka, na unaweza kuwa ule wa vyuma asipite mwizi. Neno letu ni zuri, na katika salamu silibadilishi na lolote. Ila mlangoni haliniambii mimi niko upande gani.

Tulibadilisha gashi kwa gharama yetu, tukaweka ile nyingine, waya ukarudi kwenye bluu. Ndipo mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa amejifunza kuuliza, akauliza: na wanafunzi wakiwa ndani, kuranti ikafa, moto ukawaka? Swali zuri. Gashi inakaa kwenye fremu, kitasa kinabaki kwenye mlango. Kwa ndani kuna mkono, ukiushusha ulimi unarudi kwa nguvu ya mkono wako, umeme uwepo usiwepo. Tulimfanya aujaribu mara tatu gizani. Alikuwa ameiona benki ikitumia ventuzi, ile sumaku ya juu ya mlango, akaitamani. Ventuzi inavuta kwa nguvu ya kilo 280 hivi, lakini inavuta tu kuranti ikiwapo. Ya volti 12 inakula karibu nusu ampea bila kupumzika. Betri ya ampea-saa 7 ingeibeba saa 14 kwenye karatasi, pungufu kwa kweli. Kwa mji wetu na giza lake, hapana.

Kode tulizipanga upya. Safari hii Papa Zamu alipewa yake, mtu namba 2. Nilidhani ningechukua muda kumfundisha, lakini mtu anayenunua unite za simu kila siku hahitaji kufundishwa nyota na dieze. Nilimwonya abonyeze kwa vidole safi na asafishe kibao mara kwa mara, maana namba zinazotumika huchakaa: vitufe vinne vikichakaa, mwizi ana mipangilio 24 tu ya kujaribu. Yeye akachagua kode yenye namba tatu, moja akiirudia. Nyumbani nilipiga hesabu: hapo mipangilio ni 36. Sijui kama alijua.

Lililobaki ni karatasi ya maelezo ya kubandika ukutani, na hiyo ilikuwa kazi yangu mimi mtu wa lugha. Niliiandika kwa Kiswahili safi, kile tunachosahihishiwa hapa kitivoni. Mstari wa mwisho ulisema: "Endapo umeme utakatika, mlango utabaki katika hali ya usalama." Papa Zamu aliniomba nimsomee, miwani yake ilikuwa imevunjika. Alisikiliza hadi mwisho.

"Salama ya nani?" akauliza.

Nikaukata mstari ule. Chini yake nikaandika: "Kuranti ikikufa: kwa nje mlango umefungwa na kode haifanyi kazi, tumia ufunguo. Kwa ndani shusha mkono, utoke." Nikamsomea tena. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akauliza ufunguo wenyewe unakaa wapi.

Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Mkurugenzi anaishi Ruashi, na usiku huwa analala kwake. Alitoa ufunguo mfukoni, akautazama kidogo, akampa mzee.