Kompyuta ya Watu Wote

Kitu cha mtu mmoja hutunzwa na mwenyewe, lakini kitu cha watu wote hutunzwa na kanuni. Mwenye jembe lake aweza kuliacha nje likanyeshewa na mvua, na hasara ikawa yake peke yake. Kisima cha kijiji kikichafuliwa na mmoja huwatia kiu wengi. Kompyuta ya maktaba ni kama kisima hicho. Aghalabu vijana wakiona karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani hukunja uso, wakadhani kwamba aliyeiandika hapendi furaha ya wenzake. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kapseret, na nimeongozana na wanafunzi wengi hadi maktaba mjini Eldoret. Nimewatazama wanaozifuata kanuni hizo na wanaozivunja, na napenda kueleza kwa nini naziheshimu, na pia ni wapi heshima hiyo ina mpaka wake.

Kapseret ni nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Ndege zinazotua katika uwanja wa Eldoret hushuka juu ya mashamba yetu, na mji wenyewe ulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Hata hivyo, nyumba nyingi hazina kompyuta. Simu za mkononi zipo, lakini kujaza fomu ndefu katika kioo kidogo ni kazi ya kuumiza macho, na gharama yake huzidi uwezo wa wengi. Tangu serikali ya Kenya ilipoanzisha mtandao wa eCitizen mwaka 2014, huduma nyingi zimehamia katika intaneti. Maombi ya kujiunga na vyuo hufanyika huko, na maombi ya mikopo ya masomo kadhalika. Basi kwa kijana asiye na kompyuta kwao, mlango wa maktaba ndio mlango wa chuo.

Kanuni inayonung'unikiwa kuliko zote ni ile ya muda. Mtu huambiwa aandike jina lake, angoje zamu, kisha atumie kompyuta kwa saa moja au chini yake. Lakini fanya hesabu, msomaji. Ikiwa maktaba ina kompyuta 10, nayo hufunguliwa kwa saa 8, zamu za saa moja huwatosha watu 80. Kila mmoja akikaa apendavyo, yamkini watu 10 watashinda hapo mchana kutwa, na 70 watarudi makwao mikono mitupu. Sisi tuliolelewa vijijini tuliijua kanuni hii kabla hatujaiona kompyuta. Penye mashine ya kusaga unga kila mtu hupanga debe lake katika mstari, na wala hatuiti mstari huo uonevu. Mwaka 1931 mwanachuoni wa India, S. R. Ranganathan, alitoa kitabu cha sheria 5 za maktaba, na mojawapo yahimiza kwamba wakati wa msomaji usipotezwe. Huyo ajuaye kuwa ana saa moja tu hufika na karatasi yake tayari, ameandika anachokitafuta. Asiyejua hupoteza nusu saa akiwaza aanzie wapi.

Kanuni nyingine huonekana ndogo, lakini kila moja ina sababu. Maji na chai hukatazwa kwa kuwa tone moja likiingia kati ya vibonye laweza kuua mashine ya thamani. Kupakua filamu hukatazwa kwa kuwa intaneti ya maktaba hugawanywa kama maji ya bomba moja: mmoja akifungua mfereji wake wote, wa mwisho hupata matone. Michezo ya kamari na picha chafu hukatazwa kwa kuwa katika chumba hicho huketi watoto. Kuchomeka flashi diski bila ruhusa hukatazwa kwa kuwa virusi husafiri ndani yake kama kupe katika manyoya ya ng'ombe. Leo viko katika kompyuta hii, kesho viko katika zahanati au shule.

Iko kanuni moja ambayo mimi huiweka juu ya zote, nayo ni hii: kabla hujainuka, ondoka katika akaunti yako. Binti mmoja aliyemaliza masomo kwetu aliketi mbele ya kompyuta ya watu wote, mahali nisipopataja, akajaza maombi ya chuo. Alitaka uuguzi tangu alipokuwa mdogo. Alipomaliza alilifunga dirisha la ukurasa, akakimbilia matatu. Alidhani kulifunga dirisha ni sawa na kuondoka. Kumbe mara nyingi kompyuta huendelea kumkumbuka mtu mpaka atakapobonyeza palipoandikwa kuondoka; na ikimwuliza kama ihifadhi neno lake la siri, naye akikubali, humfungulia mlango kila ajaye. Aliyeketi baada yake aliikuta akaunti ikiwa wazi. Kwa mzaha au kwa husuda, sijui, alizibadili kozi zote. Binti yule alirudi kuyatazama maombi yake siku mbili kabla ya mwisho, akalia, kisha akayasahihisha. Laiti asingalirudi, miaka 4 ya bidii yake ingaliishia katika mzaha wa mtu asiyemjua.

Tukio hilo lilinifundisha maana ya kanuni hizi. Aketiye mbele ya kompyuta ya maktaba hudhani yu peke yake, lakini yuko kati ya watu wawili asiowaona: mmoja amemtangulia, na mwingine atamfuata. Aliyetangulia anastahili siri yake ilindwe. Atakayefuata anastahili kuikuta mashine nzima na safi. Ukikuta akaunti ya mtu ikiwa wazi, ifunge bila kuisoma, kama vile usivyosoma barua ya jirani iliyosahauliwa mezani. Kufanya vinginevyo ni utovu wa adabu, na aghalabu ni kosa la jinai pia, maana sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta yakataza kuingia katika data ya mtu bila idhini. Nawe, kwa usalama wako, usiingie katika mambo ya benki kwa kompyuta ya watu wote, kwani ziko programu za hila ziwezazo kunasa kila herufi uipigayo.

Baada ya kuzisifu kanuni, sharti nizionye nazo. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Hiyo nayo iliitwa kanuni. Tofauti yake na mstari wa mashine ya unga ni kwamba mstari humpa kila mtu zamu, na ule ulikuwa ukuta wa kumfungia mtu nje. Kila kanuni yafaa ipimwe kwa swali hili: je, yagawanya au yafukuza? Nimemwona kogo mmoja, ndivyo tuwaitavyo bibi zetu huku, akiandika kwa kidole kimoja barua kwa mjukuu wake aliye ng'ambo. Saa yake ilipokwisha alikuwa hajafika nusu ya ukurasa. Mkutubi alimtazama kijana aliyefuata zamu, kijana akainama kwa heshima, akasema, "Kogo amalize kwanza." Kanuni haikuvunjwa hapo, ilikamilishwa na utu.

Kanuni nzuri humfunga mlinzi kama imfungavyo mgeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na katika ibara ya 35 yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo mkutubi aliyeandika jina lako katika daftari hana ruhusa ya kusimulia sokoni uliyoyasoma. Msichana atafutaye maelezo ya ugonjwa unaomtia aibu ana haki ya kuyasoma kwa amani, kama mzee atafutaye bei ya mahindi.

Enyi vijana, mtakapofika mbele ya karatasi ile ukutani, isomeni hadi mwisho. Mkiona kanuni isiyo ya haki, isemeni kwa adabu na kwa sauti isikiayo. Mkiona iliyo ya haki, ifuateni hata pasipo na macho ya kuwatazama. Mgeni asiyejulikana jina atakuja kuketi katika kiti hicho, pengine ametoka mbali, pengine hiyo ndiyo siku yake ya mwisho ya kutuma maombi. Mwachieni mahali pema kuliko mlivyopakuta.