Daftari la Giaboksi: Houston na Tabora

Lori ninalofanyia kazi hapa Houston limepita maili 400,000, yaani zaidi ya kilomita 640,000, na giaboksi yake ya otomatiki haijafunguliwa hata mara moja. Ndugu zangu wa Tabora wakisikia hivyo hujibu, "Huko Marekani barabara ni nzuri." Barabara zinasaidia, sikatai. Lakini nimezifuatilia giaboksi za huku na za nyumbani kwa miaka, na naamini tofauti kubwa ni kumbukumbu. Huku kipimo cha leo kina cha jana cha kulinganishwa nacho.

Giaboksi yangu ni Allison 3000, jamii inayofungwa pia kwenye malori mengi ya taka na ya zimamoto. Lori likiwa mahali tambarare, injini imepata moto na gia iko nyutro, nabonyeza mishale miwili, wa juu na wa chini, kwa pamoja. Nasubiri kama dakika mbili mafuta yatulie, kisha kioo kidogo kinaniambia kama yanatosha, yamepungua au yamezidi. Nikibonyeza tena naona asilimia ya uhai wa mafuta, halafu hali ya filta, halafu hali ya klachi za ndani. Kompyuta hiyo haichunguzi mafuta yenyewe. Inapiga hesabu kutokana na jinsi gari linavyofanya kazi, na hesabu yote inategemea sharti moja: uwe umeweka mafuta ya daraja lililoidhinishwa, kama TES 295. Ukiweka mengine, mfumo huo unatakiwa kuzimwa.

Mafuta yakibadilishwa, kichupa kimoja hupelekwa maabara; inayojulikana sana ni Blackstone, iliyoko Fort Wayne, Indiana. Majibu huja na orodha ya metali. Chuma kikipanda tunafikiria meno ya gia, shaba ikipanda tunafikiria bushi na kipoza mafuta, silikoni ni dalili ya vumbi, na sodiamu au potasiamu ni dalili kwamba kulanti imevujia ndani. Ripoti moja haisemi mengi. Ukizipanga tatu kwa mfululizo, unaona kitu kinachoelekea kuharibika kabla dereva hajahisi chochote kwenye mguu.

Tabora kaka yangu ana lori dogo la Kijapani la tani 2, otomatiki, linalozunguka Urambo, Kaliua na Sikonge kubeba tumbaku, mbao na asali kwa msimu wake. Fundi wake hana kompyuta. Anachomoa stiki injini ikiunguruma, anadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, anasubiri lisambae, anasugua mengine kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha ananusa. "Kaka, haya yameungua," anasema. Na huwa yameungua kweli. Wekundu umegeuka kahawia, harufu ni ya plate za klachi zilizopata moto, na ukielekeza tochi vizuri unaona vichembe vinavyometameta. Ujuzi huo nauheshimu, na mafundi wengi wa huku wanaobadilisha giaboksi nzima bila kuifungua hawanao. Asichoweza kusema ni lini yalianza kuungua, wiki iliyopita au tangu masika, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Nyumbani kinachoua giaboksi ni joto, ingawa Tabora haina milima ya kutisha. Lori likiingia kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, dereva hukanyaga mafuta, anaingiza rivasi, anaingiza D, tena na tena. Magurudumu hayaendi popote, na nguvu yote inaishia kuchemsha mafuta ndani ya konveta, ile ngoma inayopokea nguvu ya injini badala ya klachi ya mguu. Kwa kawaida mafuta hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Mafundi wengi huhesabu kwamba kila nyuzi 10 zaidi hukata umri wake karibu nusu. Kisha, lori likishatoka kwenye tope, dereva anazima injini ili ipumzike! Injini ikizimwa pampu inasimama na mafuta ya moto yanabaki palepale. Afadhali aweke nyutro, aiache iungurume dakika kadhaa, mafuta yapite kwenye kipoza.

Mzigo nao una historia yake kule kwetu. Misafara kutoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, iligawanyika, mingine ikaenda Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila 2, zaidi kidogo ya kilo 30, na akizidishiwa alijua kugoma. Lori la tani 2 hupakiwa tani 4 na haligomi. Klachi za ndani zinateleza kidogo kila gia inapobadilika, na dereva anadhani ndiyo tabia yake.

Jambo linaloniuma zaidi ni maji ya kisima kwenye rejeta. Magari mengi hupitisha bomba la mafuta ya giaboksi ndani ya rejeta ili yapoe. Maji yasiyo na kulanti huleta kutu, kutu hutoboa bomba, na siku moja unachomoa stiki unakuta mafuta yana rangi ya maziwa ya strawberi. Hapo maji yameshaanza kubandua gundi ya plate. Galoni moja ya kulanti ingeokoa giaboksi nzima.

Kuna imani iliyopo Houston na Tabora vilevile: gari la kilomita nyingi usiliguse mafuta, ukibadilisha gia zitateleza. Ina chembe ya ukweli. Kusukuma mafuta yote kwa mashine kwenye giaboksi iliyochoka kunaweza kutibua uchafu uliotulia. Lakini klachi inayoshikiliwa na uchafu tu imeshakwisha. Ninachopendekeza ni kumwaga yanayotoka kwenye sampo, kujaza kiasi hichohicho, kutembea wiki chache, kisha kurudia, kwa kuwa mengi hubaki kwenye konveta na hayatoki kwa mkupuo.

Kaka amenunua geji ya joto, sensa yake imefungwa kwenye bomba linalotoka giaboksi kwenda kwenye kipoza. Daftari la shule liko mbele ya kiti: tarehe, kilomita, kiwango, rangi, harufu, joto la juu la siku, mzigo. Msimu wa tumbaku uliopita kurasa zilionyesha kiwango kikishuka kidogo kidogo wakati rangi ilikuwa safi. Fundi akaifuata njia ya mafuta kwa kitambaa hadi akakuta hozi ya kipoza imepasuka chini ya klipu, akaibadilisha mchana uleule.

Sasa fundi huyo anayaandikia daftari na malori mengine pale gereji, na ameniomba orodha: namba ya giaboksi kwenye bamba la mlangoni, na mafuta inayoyahitaji. Toyota T-IV na WS zinauzwa kwenye rafu moja na watu huzichanganya, ilhali WS ni nyepesi zaidi. Magari yanashushwa bandarini kutoka Japani bila mtu kujua ndani mna yapi. Orodha hiyo ninaiandaa, na wasomaji wenye malori ya Isuzu na Fuso ya otomatiki mnitumie picha za mabamba yenu.